Wizara ya Mambo ya Ndani, Ukiitazama Kutoka Kibirizi

Abiria anayeteremka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kutoka ng'ambo ya Kongo hukutana na serikali kabla hajaikanyaga vizuri nchi kavu, nayo huja ikiwa imevaa sare ya Uhamiaji. Bosi wa sare hiyo ni Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, taasisi yenye umri mkubwa kuliko Muungano wenyewe: George Kahama aliiongoza katika baraza la mawaziri la Uhuru, 1961.

Polisi, Magereza, Zimamoto, Uhamiaji, wakimbizi, vyote vimo humo. Mkoani Kigoma wizara hata inalima michikichi, kwenye Gereza la Kwitanga.

Kiti cha waziri wake ni cha moto. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu baada ya watuhumiwa kuteswa, na wengine kufa, mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, lakini alibeba dhamana. Mwaka 1985 akawa Rais. Augustine Mrema, miaka ya tisini, aliipa wizara sauti ya jukwaani kwa amri zake za kutekelezwa ndani ya siku saba, na watu wakampenda. Emmanuel Nchimbi aliondoka Desemba 2013 kwa maovu ya Operesheni Tokomeza, iliyolenga majangili, Charles Kitwanga akatenguliwa Mei 2016, Kangi Lugola Januari 2020.

Kigoma ina kumbukumbu zake za wizara hii, na nyingi ni za wakimbizi. Warundi walikimbia mauaji ya 1972. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walibanana Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa hilo, kipindupindu kikawaingilia, na ikabidi MV Liemba, meli ya Wajerumani iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iwasombe kuwaleta Kigoma. Miaka minne tu baadaye Lugola alikuwa akitangaza kwamba Warundi watarudishwa kwao kuanzia Oktoba 2019. Wizara ileile, ndimi mbili.

Machi 2023 Wakongo wakaanza tena kuingia Kigoma kwa maelfu. Waziri safari hii alikuwa Hamad Masauni. Kazi ilikuwa ileile ya 1996, kuwaandikisha na kuwapeleka Nyarugusu.