Bugarama, Burundi: Kiingereza kinapokuwa lugha ya nne ya mwanafunzi

Nchini Burundi, mwanafunzi anayeanza Kiingereza tayari huwa na Kirundi cha nyumbani na Kifaransa cha darasani, na kwa wengi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kiswahili cha sokoni. Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, makosa yanayojirudia miongoni mwa wanafunzi, na namna lugha wanazozijua zinavyoweza kuwasaidia.

Mambo muhimu

- Kiingereza ni lugha rasmi ya Burundi tangu mwaka 2014, pamoja na Kirundi na Kifaransa.
- Kiswahili hufundishwa shuleni, lakini hakimo miongoni mwa lugha rasmi za nchi.
- Kila lugha anayokuja nayo mwanafunzi humrahisishia sehemu fulani ya Kiingereza na kumpotosha kwingine.

Bugarama iko wapi?

Bugarama inayozungumziwa hapa ipo kusini mwa jiji la Bujumbura, katika eneo ambako milima huteremka hadi ziwani. Isichanganywe na Bugarama ya Muramvya, kituo mashuhuri cha biashara katika barabara ya kuelekea kaskazini, wala na Bugarama ya nchini Rwanda. Mkoa wa Rumonge ulipoundwa mwaka 2015 kwa kumega mikoa ya Bururi na Bujumbura Vijijini, Bugarama ilikuwa mojawapo ya tarafa zake tano, pamoja na Muhuta, Burambi, Buyengero na Rumonge yenyewe. Mwaka 2025 mipaka ya utawala ilibadilishwa tena, na mikoa ya nchi ikapunguzwa kutoka 18 hadi 5.

Uti wa mgongo wa eneo hili ni barabara ya taifa namba 3, inayofuata ufuo kutoka Bujumbura hadi Rumonge, Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Wakazi huishi kwa kilimo cha mihogo na michikichi, na kwa uvuvi wa mukeke na ndagala, samaki ambao ng'ambo ya Kigoma huitwa migebuka na dagaa. Vilimani Kirundi hutosha kwa shughuli zote za siku. Katika miji na masoko ya ufukweni, hususan Rumonge, Kiswahili husikika kila mahali, kwa kuwa mvuvi na mfanyabiashara hukutana na wenzao kutoka Tanzania na Kongo.

Lugha zilivyofika ufukweni

Kiswahili kilifika hapa pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyokuwa na kituo chake kikuu Ujiji. Kiingereza nacho kiliacha alama ya mapema. Huko Mugere, kando ya barabara hiyo hiyo ya ziwani, lipo jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871, walipopita hapo wakilichunguza ziwa. Hata hivyo, Kiingereza chao hakikubaki mwambaoni. Utawala wa Wajerumani ulikitumia Kiswahili katika shughuli zake, na Wabelgiji, walioiteka nchi mwaka 1916, walileta Kifaransa, kilichokuwa lugha ya ofisi na ya elimu ya juu hata baada ya uhuru wa mwaka 1962.

Burundi ina jambo lisilo la kawaida katika Afrika Mashariki: takriban raia wote wanazungumza lugha moja, Kirundi. Ndiyo maana Kiingereza hakikuhitajika kuwaunganisha wananchi wao kwa wao. Kimehitajika kuwaunganisha na majirani.

Kiingereza katika sheria na shuleni

Mageuzi makubwa yalikuja Burundi ilipojiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 1 Julai 2007. Mkataba wa Jumuiya uliitaja lugha rasmi kuwa Kiingereza, na ukaelekeza Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Katika kipindi hicho Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule za msingi. Mwaka 2014, sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya tatu ya nchi.

Tangu mwaka 2013 elimu ya msingi ya Burundi imekuwa ya miaka tisa. Kirundi ndicho lugha ya kufundishia katika miaka ya mwanzo, kisha Kifaransa hushika nafasi yake kuanzia darasa la tano. Katika miaka mitatu ya mwisho, lugha zote nne hufundishwa chini ya kundi moja la masomo. Mtoto wa Bugarama, kwa hiyo, anakutana na Kiingereza kama somo, huku hesabu na sayansi akizisoma kwa lugha nyingine ambayo nayo si ya nyumbani kwao.

Uamuzi huo haukukuta shule zikiwa tupu. Ada za shule ya msingi zilifutwa mwaka 2005, na idadi ya wanafunzi ikaongezeka kwa kasi. Shule nyingi huendesha zamu mbili, asubuhi na mchana, katika vyumba vile vile. Walimu wengi wa shule za msingi walisomeshwa kwa Kifaransa, wakatakiwa kufundisha lugha ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuitumia nje ya darasa. Katika darasa lililojaa, mwanafunzi anaweza kumaliza wiki nzima bila kutamka sentensi moja kamili ya Kiingereza, ingawa daftari lake limejaa maneno.

Matamshi: nani anasaidia, nani anapotosha

Kirundi hakitofautishi maana ya maneno kwa kubadilisha r na l. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huchanganya "rice", yaani mchele, na "lice", yaani chawa. Hapa Kiswahili ni msaada wa moja kwa moja: anayejua kwamba kula si kura, na kwamba mahali si mahari, amekwisha kuizoeza sikio tofauti hiyo.

Sauti ya th haimo katika Kirundi wala katika Kifaransa, na wengi huitamka s au t, hata "think", yaani fikiri, likawa "sink", yaani zama. Kiswahili sanifu kinayo katika thelathini na themanini, na kinayo dh katika dhahabu na dharau, ijapokuwa katika maongezi ya kawaida ya eneo hili wengi husema selasini. Watoto wa mwambao waliopitia madrasa wamejifunza sauti hizo mbili kwa Kiarabu. Mwalimu anayelijua hilo anao wasaidizi darasani bila gharama yoyote.

Kirundi nacho kina mchango wake. Lugha hiyo hutenganisha irabu fupi na irabu ndefu, jambo linalomwandaa mwanafunzi kusikia tofauti ya "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo, ingawa katika Kiingereza irabu hizo hutofautiana pia kwa namna ya kutamkwa, mbali na urefu wake. Ugumu unaobaki ni wa silabi. Kirundi na Kiswahili hupenda neno liishie kwa irabu. Ndivyo "bank" ilivyokuwa benki, na "bus" ikawa basi. Tabia hiyo inapohamia kwenye Kiingereza, msikilizaji mgeni hupata shida ya kutambua neno.

Sarufi: mfano wa wakati uliopita

Kosa linalojirudia mno ni sentensi kama "He has arrived yesterday". Chanzo chake aghalabu ni Kifaransa, ambacho hutumia umbo moja la maongezi, "il est arrivé", kwa tukio la jana na kwa tukio ambalo matokeo yake yanaonekana sasa hivi. Kiingereza hutenganisha mambo hayo mawili, na Kiswahili sanifu pia hutenganisha: "alifika jana" ni "he arrived yesterday", na "amefika" ni "he has arrived". Ulinganifu haupo katika kila sentensi, lakini kwa anayeanza, viambishi li na me ni mlango ulio wazi zaidi kuliko maelezo marefu ya ubaoni.

Upande mwingine, Kifaransa kina manufaa ambayo Kirundi na Kiswahili havina. Lugha hizi mbili hazina vibainishi vinavyolingana na "a" na "the", na hazitenganishi "he" na "she", kwa kuwa kiambishi a humtaja mwanamume na mwanamke sawasawa. Aliyezoea "un", "le", "il" na "elle" hulielewa wazo hilo upesi. Maelfu ya maneno, kama "nation", "information" na "table", huandikwa sawa katika Kifaransa na Kiingereza. Hatari imo katika maneno yanayofanana sura bila kufanana maana: "library" ni maktaba, ilhali "librairie" ya Kifaransa ni duka la vitabu.

Kiswahili pia kina mitego yake. Ukimuuliza mtu, "Hukuja jana?", naye akajibu, "Ndiyo", anakubali kwamba hakuja. Kwa Kiingereza jibu hilo ni "No". Kitenzi kuazima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, wakati Kiingereza kina "lend" na "borrow". Aliyetoa kitabu akatumia neno la pili hueleweka kuwa ndiye mwenye deni.

Waliorejea na waliokwenda mbali

Suala hili lina historia nzito katika ufuo wa Rumonge. Machafuko yaliyoanza kusini mwa nchi mwishoni mwa Aprili 1972, na mauaji makubwa yaliyofuata, yaliwafanya watu wengi wakimbilie Tanzania, wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma kwa mtaala wa Tanzania: Kiswahili katika shule ya msingi, Kiingereza katika sekondari. Makumi ya maelfu walirejeshwa Burundi kuanzia mwaka 2008, na vijana wakajikuta katika shule zinazofundisha kwa Kifaransa, lugha ambayo hawakuwahi kuisoma. Kijana aliyekuwa akifaulu vizuri ng'ambo aliweza kurudishwa madarasa ya chini kwa sababu ya lugha, si kwa sababu ya elimu yake. Ujuzi wake wa Kiingereza na Kiswahili, ambao nchi ilikuwa ndiyo kwanza imeamua kuutafuta, haukuhesabiwa.

Wengine hawakurudi. Tanzania iliwapa uraia takriban watu 162,000 wa kundi hilo na watoto wao, na wengine wakapewa makazi mapya nchini Marekani kuanzia mwaka 2007. Baada ya mgogoro wa mwaka 2015, watu zaidi ya 400,000 waliikimbia Burundi. Kwa familia zilizofika katika nchi zinazozungumza Kiingereza, yale yanayofundishwa Bugarama si somo la mtihani pekee; ni lugha ya hospitali, ya kazi na ya shule ya watoto.

Somo kutoka Thailand

Burundi haiko peke yake. Mwaka huo huo wa 2007, mataifa ya kusini mashariki mwa Asia, Thailand ikiwemo, yalitia saini mkataba wa ASEAN unaokitaja Kiingereza kuwa lugha ya kazi ya jumuiya yao. Thailand nayo ina lugha moja inayotawala nchi nzima, na Kiingereza hakitumiki sana mitaani. Wanafunzi wake hukutana na matatizo yanayofanana: katika mazungumzo ya kawaida wengi hutamka r kama l, lugha yao haina "the", na konsonanti zinazoweza kumalizia neno ni chache.

Hata hivyo, vitenzi vya Kithai havibadiliki kwa kufuata wakati. Mwanafunzi wa Bangkok hujifunza jambo hilo kuanzia mwanzo, tofauti na mwenzake wa Bugarama, ambaye lugha zake zote tatu hubadilisha vitenzi kwa wakati. Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya mmoja hakiwezi kumfaa mwingine bila kurekebishwa.

Nini huwasaidia wanafunzi?

Hatua ya kwanza ni mwalimu kutambua kosa linatoka lugha gani. Kosa la r na l husahihishwa kwa mifano ya Kiswahili, kosa la wakati kwa li na me, na kosa la "he" na "she" kwa Kifaransa. Kusahihisha makosa yote kwa njia moja hupoteza muda ambao shule ya zamu mbili haina.

Hatua ya pili ni mazungumzo mafupi ya wawili wawili kuhusu mambo wanayoyajua: bei ya ndagala, safari ya Bujumbura, hali ya ziwa. Darasa kubwa likigawanywa hivyo, kila mwanafunzi huongea kila siku, hata kwa dakika chache.

Hatua ya tatu inawahusu wazazi, wakiwemo wanaoishi ughaibuni. Wengi huacha Kirundi na Kiswahili nyumbani wakidhani vinamchelewesha mtoto katika Kiingereza. Mifano ya hapo juu inaonyesha kinyume chake: tofauti ya kula na kura, au ya alifika na amefika, ni maarifa ambayo mtoto huja nayo darasani. Asiporithishwa nyumbani, mwalimu hana pa kuanzia.