Fedha ya Taxco

Ukijaliwa siku moja kufika Acapulco, mji wa Meksiko ulio kando ya Bahari ya Pasifiki, utawaona wachuuzi wakipita mchangani, mikono yao imejaa vidani, bangili na vipuli vya fedha. Wageni waliokuja kupumzika hununua, wapate cha kuwaonyesha jamaa zao. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo imerithiwa bila kukatika tangu enzi za kale. Sivyo, msomaji. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Basi na tutazame jinsi vilivyoundwa.

Vingi katika vitu hivyo asili yake ni Taxco, mji wa milimani ulio kati ya Acapulco na mji mkuu. Wahispania walipokwisha kuuteka mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, haukupita muda mrefu wakaanza kuchimba fedha Taxco. Wenyeji waliingia mashimoni; faida ikawa ya wengine. Fedha ya Meksiko ilipigwa sarafu, ikapakiwa merikebuni kwenda Hispania. Na tangu 1565 hata 1815 nyingine ilitoka Acapulco kwenda Manila, kununulia hariri na vyombo vya Kichina. Sarafu za Wahispania zilifika hata pwani yetu. Neno "reale" latokana na jina la sarafu yao.

Tajiri mmoja wa machimbo, José de la Borda, alijenga Taxco kanisa la Santa Prisca, lililomalizika mwaka 1758, nalo lingali limesimama. Lakini machimbo yalipofifia, mji ulibaki na kanisa zuri na watu maskini.

Mwaka 1929 alihamia huko Mmarekani, William Spratling, aliyekuwa mwalimu wa usanifu wa majengo. Mwaka 1931 alifungua karakana, akaleta sonara kutoka Iguala, mji wa jirani, naye akachora mapambo kwa kufuata sanamu na nakshi za kale za Meksiko. Vijana wakaja kujifunza kazi. Vita Kuu ya Pili ilipozuia bidhaa za Ulaya, maduka ya Marekani yaligeukia Taxco, na mafundi wake wakawa mamia. Baadhi ya wanafunzi wake, kama Antonio Pineda na ndugu wa ukoo wa Castillo, walifungua karakana zao wenyewe. Spratling alifariki mwaka 1967, lakini kazi haikufa naye, kwa kuwa ujuzi ulikuwa umekwisha kukaa mikononi mwa wenyeji.

Hapo ndipo penye funzo. Kwa karne nyingi fedha ilitoka mlimani ikaenda zake, ikaacha mashimo. Ilipoanza kufuliwa palepale, iliacha ujira na ufundi.

Kwa hiyo mnunuzi asiwe mjinga. Na atafute alama ya 925, maana yake sehemu 925 katika kila 1,000 ni fedha halisi. Iko na alpaka, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hung'aa kama fedha, wala haina fedha hata chembe. Lakini asiwe dhalimu pia, akapunguza bei hata fundi akakosa riziki. Ukishika bangili, uliza kwanza, "Hii ni fedha kweli?" Kisha uliza, "Aliyeifua amebakiwa na nini?" Swali la pili ndilo ambalo kwa karne nyingi halikuulizwa.