Kitabu cha kaka kumrithisha mdogo wake: kipi bado kinafaa, kipi kimepitwa?

Kila mwaka skuli zinapokaribia kufunguliwa, nyumba nyingi za Mji Mkongwe hupiga hesabu ileile. Mkubwa kamaliza darasa, vitabu vyake vimo sandukuni, mdogo anaingia darasa lilelile. Ya nini kununua vyengine?

Chuoni hesabu hiyo haina taabu. Juzuu aliyosomea mama ndiyo anayosomea mtoto. Skuli ni mambo mengine. Mtoto anaweza kusomeshwa nyumbani kila jioni kwa kitabu kizuri, akakijua chote, halafu mtihani ukaja na kitu chengine kabisa. Kosa hapo si la mtoto wala la kitabu. Ni mwaka tu haukuangaliwa.

Kwanza jua mtihani ni wa nani

Hapa ndipo wazee wengi wanapojikwaa. Mitihani ya msingi na ya kidato cha pili kwa skuli za Zanzibar iko chini ya Baraza la Mitihani la Zanzibar. Ya kidato cha nne na cha sita ni ya Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA. Mtaala wa maandalizi na msingi Unguja na Pemba ni kazi ya Taasisi ya Elimu Zanzibar. Wa Bara unaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ndiyo inayotoa vile vitabu vya Bara vinavyopatikana bure kwenye maktaba yake ya mtandaoni.

Sasa fungua simu uangalie kundi la WhatsApp la wazazi. Mtu katuma "past paper za darasa la saba". Ni za NECTA, za Bara. Za Zanzibar ni nyengine. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliupunguza msingi kutoka miaka 7 hadi 6, na mada zikapangwa upya kati ya madarasa. Kwa hiyo hata karatasi za Zanzibar yenyewe za kabla ya mabadiliko hayo hazilingani moja kwa moja na za sasa.

Sera hiyohiyo iliweka Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Katika skuli za msingi za serikali Bara masomo hayo ni kwa Kiswahili mpaka mwisho. Mtoto wa Mkunazini anayefanya mazoezi ya sehemu na desimali kwenye kitabu cha Bara anaweza kuzijua hesabu zote, kisha, karatasi ikiwa ya Kiingereza, akaishindwa kwa sababu hakuwahi kukutana na maneno yake. Kitabu hicho si cha kutupa. Kinamsaidia kuelewa. Kwa mazoezi ya mtihani hakitoshi, na wakati wa kununua, suala la kumuuliza mwalimu ni lugha kabla ya bei.

Mtaala ukibadilika, mwaka mmoja unatenganisha ndugu

Bara ndiko mfano ulipo wazi zaidi. Mwaka 2015 na 2016 mtaala wa msingi ulibadilishwa: darasa la kwanza na la pili likaelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na masomo kama Haiba na Michezo yakaondoka. Januari 2024 ukaja mwengine, ukianza na awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Hapo somo la Uraia na Maadili likaipisha Historia ya Tanzania na Maadili.

Chukua ndugu wawili waliopishana mwaka mmoja. Mkubwa aliingia darasa la tatu 2023, mdogo 2024. Vitabu vya mkubwa vya Uraia havimsaidii mdogo wake hata kama bado vinanukia upya. Isitoshe, mkubwa anamaliza darasa la saba na mdogo anamaliza la sita mwaka uleule wa 2027. Mzazi aliyezoea kutunza vitabu kwa ajili ya mtoto anayefuata, hapo hana cha kurithisha.

Kwa sekondari jambo hili linaigusa Zanzibar moja kwa moja, kwa vile mtihani wa kidato cha nne ni wa NECTA. Mada zake zinafuata muhtasari wa somo uliopo, na baraza hilo hutoa pia fomati ya mtihani inayoeleza karatasi ina sehemu ngapi na maswali ya aina gani. Fomati ikibadilika, karatasi za zamani bado zinafaa kwa kujipima mada. Hazifai kwa kuzoea mpangilio wala kugawa muda.

Fungua ukurasa wa ndani

Jalada linadanganya. Rangi mpya si kitabu kipya. Angalia ukurasa wenye jina la mchapaji: kukiandikwa "chapa" nyengine ya toleo lilelile, kwa kawaida ni kitabu kilekile kimepigwa tena. Kukiwa na "toleo" jipya, yaliyomo yameguswa. Kisha linganisha orodha ya mada na muhtasari au na daftari la mwanafunzi wa skuli hiyo. Ni kazi ya dakika kumi, na hapo utaona sura zipi zimehama darasa.

Kuna na makosa yanayoletwa na dunia yenyewe, si mtaala. Kitabu cha maarifa ya jamii kinachosema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 5 kilikuwa sahihi mpaka Sudan Kusini ilipoingia mwaka 2016. Tangu hapo zimeingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia, zikawa 8. Ramani isiyo na Katavi, Geita, Njombe na Simiyu ni ya kabla ya 2012, na isiyo na Songwe ni ya kabla ya 2016. Tanzania sasa ina mikoa 31, mitano kati yake ikiwa ya Zanzibar. Na kitabu cha sayansi kinachohesabu sayari 9 kinaihesabu Pluto, iliyotolewa kwenye orodha mwaka 2006.

Upande wa pili, jedwali la kuzidisha halina mwaka. Hadithi za kusoma hazina mwaka. Kamusi nzuri inakaa miaka na miaka. Vitu hivi ndivyo vya kurithishana bila wasiwasi, na kusema kweli ndivyo vinavyomfaa zaidi mtoto mdogo anayesomeshwa nyumbani, kuliko rundo la karatasi za majaribio.

Anayesoma nyumbani bila skuli

Wapo pia wasio na mwalimu wa kuuliza kila siku. Mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne, au anayefanya mtihani wa maarifa (QT) ili apate sifa ya kuufikia, anatahiniwa na NECTA ileile. Akisomea nukuu za rafiki aliyemaliza miaka mitano nyuma, hana wa kumwambia kwamba mada fulani haimo tena. Ni bora aanzie kwenye muhtasari na fomati ya mwaka wake, vyote viwili hutolewa mtandaoni, ndipo atafute nukuu zinazolingana navyo.

Familia zinazofuata mtaala wa Cambridge, za hapa au za jamaa walioko Oman na Uingereza, zimerahisishiwa kidogo. Muhtasari wake huandikwa jaladani ni wa mitihani ya miaka gani, mara nyingi mitatu. Jamaa akikutumia boksi la vitabu kutoka Muscat, soma miaka hiyo, kisha uihesabu na mwaka ambao mtoto wako atakaa kwenye mtihani, si mwaka anaoanza kusoma.