Lita Kumi za Maji na Jina la Ziwa

Napanga safari ya baiskeli: Maralal, Baragoi, South Horr, hadi Loiyangalani. Siku kadhaa za changarawe, milima na jua kali. Kinachoniumiza kichwa ni maji. Lita moja ni kilo moja, na mimi nimeanza kulia juu ya lita kumi ambazo hata sibebi mwenyewe, zinabebwa na magurudumu!

Halafu nikakumbuka 1888. Machi mwaka huo, Count Samuel Teleki wa Hungaria na mwenzake Ludwig von Höhnel walipitia mlima Nyiru wakashuka hadi ziwani. Wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria. Vitabu vikaandika: wamegundua ziwa.

Wamegundua nini, wasee? Waelmolo walikuwa hapo wakivua samaki. Na mizigo je? Ilibebwa na mamia ya wapagazi waliotoka Zanzibar na pwani, kichwani na mabegani, juu ya mawe yale yale ninayoyaogopa.

Jina la Rudolf tuliliondoa 1975, ziwa likawa Turkana. Lakini volkeno ya kusini mwa ziwa inaitwa Teleki mpaka leo. Mpagazi hajapewa hata kijito.

Ndiyo maana nimeongeza daftari kwenye mizigo. Mchungaji akinionyesha kisima, nitamuuliza kisima kinaitwaje na yeye anaitwa nani. Akikubali, naandika yote mawili. Sitarudi Nairobi nikisema nimegundua njia.