Filtri mpya ya hewa inaongeza nguvu ya kamyo? Mambo ya kujua kwa bashofere wa Kindu

Kwenye garaji za Kindu swali hili halikosekani: kama shofere anatoa filtri ya kiwanda pamoja na sanduku lake na kufunga filtri ya wazi, ile inayosifiwa kuwa inapumua vizuri, kamyo itapanda mlima kwa nguvu zaidi? Kwa kamyo ya mazutu yenye turbo, jibu ni hapana, ama ni kidogo sana kiasi kwamba shofere hawezi kuisikia. Tena kwa barabara za udongo mwekundu za Maniema, filtri mbaya inaweza kumaliza motere nzima.

Nguvu inatoka wapi?

Motere ya mazutu inavuta hewa na kuibana mpaka inakuwa moto sana. Kisha mazutu yanarushwa ndani na yanawaka. Ili kilo 1 ya mazutu iungue yote, inahitaji karibu kilo 14.5 za hewa, na kwa kawaida motere hii inapata hewa kupita hiyo. Kwa hiyo, kikomo cha nguvu ni kiasi cha mazutu ambacho pompa inatoa. Ukiongeza hewa tu, bila mazutu, nguvu haipandi.

Tena filtri ya wazi ikifungwa karibu na motere, inavuta hewa ya moto. Hewa ya moto ni nyepesi, na inaweza kupunguza nguvu.

Kwa nini wengine wanaona tofauti?

Kwa sababu walitoa filtri iliyoziba. Filtri ikijaa vumbi, kamyo inatoa moshi mweusi na inachelewa kushika mwendo. Mwaka 2009, maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari madogo yenye filtri zilizozibwa. Kwa gari za kisasa matumizi ya mafuta hayakubadilika sana, lakini gari za petroli zilikuwa nzito kuongeza mwendo. Basi shofere akitoa filtri chafu na kuweka mpya, nguvu inarudi, hata kama hiyo mpya ni ya kiwanda. Kinachosaidia ni usafi.

Vumbi ndilo adui

Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, kamyo inayofuata nyingine kwenye njia ya Kalima ama ya Kibombo inapumua vumbi saa zote. Ndani ya vumbi kuna chembe za mchanga, ngumu kuliko chuma cha motere. Zikipita filtri, zinakwangua silinda, zinakula mabawa ya turbo na kuchafua mafuta ya motere. Baadaye motere inakunywa mafuta na kukosa nguvu. Filtri nyingi za pamba zinazopakwa mafuta zinapitisha hewa kwa urahisi, lakini zinashika vumbi laini kidogo kuliko filtri nzuri ya karatasi. Hasara yake ni kubwa: piesi zinatoka mbali, na muda huo wote mizigo ya watu inangoja njiani.

Mambo yanayosaidia kweli

- Bomba la hewa lililopanda juu ya kabini. Huko juu vumbi ni kidogo.
- Kikombe kinachozungusha hewa kabla ya filtri, ili vumbi zito lianguke chini. Kimwagwe mara kwa mara.
- Tuyo kati ya filtri na turbo. Ufa mdogo tu unaingiza vumbi lote bila kuchujwa.
- Filtri isigongwe kwenye tairi wala isipulizwe kwa kompresa yenye nguvu, karatasi inapasuka. Weka taa ndani yake: mwanga ukitoboka mahali, tupa.
- Filtri ndogo ya ndani haisafishwi. Inabadilishwa.
- Kama kamyo iko na kionyeshi cha kuziba, ngoja kifike kwenye rangi nyekundu ndipo ubadilishe. Kwa kamyo nyingi zenye turbo, kikomo ni karibu kilopaskali 6. Kufungua sanduku kila siku kunaingiza vumbi bure.

Wakati wa mvua

Kwenye madimbwi, bomba la chini linaweza kuvuta maji. Maji hayabaniki kama hewa. Pistoni ikiyakuta, bieli inapinda. Kamyo ikizimika ndani ya maji, usijaribu kuiwasha tena. Ivutwe kwanza, halafu fundi afungue na kuangalia kama maji yaliingia.