Jemadari Aliyetunga Ben-Hur

Wako watu wasomao hadithi zilizotungwa juu ya nyakati za Biblia wasijue ni wapi historia inapokoma na maneno ya mtunzi yanapoanza. Basi na tukitazame kitabu kimoja, Ben-Hur, kilichotolewa Marekani mwaka 1880.

Mtunzi wake, Lew Wallace, alikuwa jemadari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile. Tarehe 6 Aprili 1862 mapigano makali yalianza karibu na kanisa dogo lililoitwa Shiloh, jina la mji wa Biblia. Wallace alipita njia ambayo mkuu wake, Jemadari Grant, hakuikusudia, akafika jua likichwa. Kwa siku mbili watu zaidi ya 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Grant akamlaumu. Wallace akajitetea miaka mingi kwamba alitii amri kama alivyoipokea.

Mwaka 1876, katika gari la moshi, alimsikiliza Robert Ingersoll, msemaji hodari aliyeipinga dini. Waliposhuka, Wallace aliona haya, kwa kuwa hakuwa na elimu ya kukubali wala ya kukanusha. Akaanza kusoma. Palestina hakuwa amekanyaga. Aliijua kwa ramani na vitabu tu. Kazi akaimaliza alipokuwa liwali wa New Mexico.

Hadithi yake ni hii. Yuda, kijana wa ukoo mkubwa wa Yerusalemu, aliinama juu ya dari ya nyumba yao kutazama askari wakipita. Kigae kikabanduka chini ya mkono wake, kikamwangukia liwali wa Kirumi, Valerius Gratus. Messala, rafiki yake wa utotoni, akamwonyesha kwa kidole, asitake kumsaidia. Yuda akapelekwa kuvuta makasia. Mama yake na dada yake wakatupwa gerezani, wakapatwa na ukoma. Sidhani ya kuwa mtu asiyepata kulaumiwa kwa jambo asilokusudia angaliweza kuyaandika hayo.

Gratus alikuwa mtu wa kweli. Aliitawala Uyahudi kabla ya Pilato, tangu mwaka 15 hivi hata 26. Kigae ni cha mtunzi. Na watumwa wale waliofungwa minyororo penye makasia? Hapo Wallace amepotea. Wapiga makasia wa manowari za Kirumi kwa kawaida walikuwa waungwana wapokeao mshahara. Desturi ya minyororo ni ya karne za baadaye. Lakini kitabu, pamoja na picha za sinema za 1925 na 1959, vimewafanya wengi wasadiki kinyume.

Palipo na Yesu, mtunzi alijizuia. Aliazimu kwamba Bwana asiseme neno lolote lisilo katika Injili. Kwa hiyo Yuda akipita Nazareti, mfungwa mwenye kiu, yule kijana wa seremala anampa maji, wala hasemi kitu. Kwangu ukurasa huo wapita mashindano yote ya magari ya farasi yanayosifiwa na watu.

Mwaka 1885 Grant, akiwa mgonjwa karibu na kufa, aliletewa barua ambayo Wallace aliiandika siku moja kabla ya vita. Akaongeza maelezo katika kitabu chake kwamba barua hiyo yageuza sana aliyoyasema juu ya Wallace. Maneno ya kwanza hakuyafuta.