Lisosomu na vumbi la Geita

Ukipita kwenye makarasha ya Nyarugusu au Mwakitolyo, utaona vumbi jeupe limetanda hadi kwenye nyusi za watu. Ndani yake mna silika, kutoka kwenye mawe ya kwatzi, na balaa lake mapafuni linaanzia kwenye oganeli moja ndogo.

Mwaka 1955 Mbelgiji Christian de Duve na wenzake waliipa jina: lisosomu. Ni kifuko chenye vimeng'enya vya kumeng'enya kinachomezwa na seli. Ila anayenivutia zaidi ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya, yuleyule aliyeonyesha 1954 kwamba kurithi jini moja la selimundu kunakinga dhidi ya malaria. Mwaka 1966, ambao pia mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa, yeye na wenzake walichunguza makrofaji, seli walinzi, zikimeza silika. Bakteria akiingia lisosomu humeng'enywa. Silika haimeng'enyeki; inaharibu utando, vimeng'enya vinavuja, seli inakufa. Chembe inabaki nzima, inamezwa na seli nyingine. Hivyohivyo, miaka na miaka, hadi pafu linajaa makovu: silikosisi.

Sasa fikiria, mlinzi huyohuyo ndiye anayepambana na vimelea vya TB. Ndiyo maana mwenye silikosisi huugua TB kirahisi zaidi.

Na yale maziwa ya "kusafisha kifua"? Yanaenda tumboni, ndugu yangu. Chembe iko ndani ya seli ya pafu. Afadhali kulowesha mawe kabla ya kuyasaga.